Haki ya Mwenzako wa Kazi Usiyempenda

Mtu huchagua mke, huchagua rafiki, na akijaaliwa uwezo huchagua hata jirani kabla ya kununua nyumba. Lakini mwenzake wa kazi hamchagui. Siku moja huonyeshwa meza, au benchi la karakana, au wodi ya hospitali, akaambiwa: huyu ndiye utakayefanya naye kazi. Na huyo aweza kuwa msemaji sana ilhali mwenyewe apenda kimya. Aweza kuwa mwepesi wa hasira, mpenda sifa, mwazima kalamu asiyerudisha, au mwenye kucheka kwa sauti kubwa asubuhi kabla watu hawajanywa chai. Aweza hata kuwa hana kosa lolote linalojulikana, ila roho haimpendi tu, basi.

Jambo hili hutufikia mara kwa mara kutoka kwa wanaume na kwa wanawake, na aghalabu huja kwa sura ya mashitaka: fulani kanifanyia hivi, fulani kasema vile, nami nimechoka naye. Mwezi huu hatutaki kukaa kitako kama makadhi tukapima nani mwenye kosa, kwani hatujamsikia huyo wa pili. Twataka kutazama nini kinachompasa yule anayeshitaki, maana yeye ndiye aliyetuuliza.

Na tuanze kwa hisabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, imeweka saa 45 kuwa ndio mwisho wa saa za kawaida za kazi kwa wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ukiondoa wiki 4 za likizo, mtu atimizaye saa hizo hukaa kazini saa 2,160 kila mwaka, pungufu ya siku za sikukuu. Hebu mume na mke wahisabu saa wanazokaa pamoja wakiwa macho, wasitie za usingizi, wala zile ambazo mmoja yuko jikoni na mwengine yuko barazani, kisha walinganishe. Nyumba nyingi zitaona kwamba huyo asiyependwa ndiye anayepata sehemu kubwa ya mchana wao. Basi mtu anayetuambia kwamba yeye na fulani hawasemezani mwaka wa tatu huu, kwa hakika anatuambia kwamba saa elfu sita na zaidi za umri wake amezipitisha katika uadui, na umri ni katika mambo ambayo mja ataulizwa vipi aliutumia.

Kosa la kwanza la watu wengi katika jambo hili ni kudhani kwamba wametakiwa wapende. Wakisikia mawaidha juu ya udugu na upole hujitazama ndani, wakaona hakuna mapenzi, wakasema: basi mimi siwezi, moyo wangu haukubali. Nao wamesema kweli kwamba moyo haukubali, kwani moyo haushikwi kwa mkono. Lakini nani aliyewaambia kwamba waliloamrishwa ni hilo?

Wapokezi wa khabari wamesimulia kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa na ndugu yake jina lake Zaid, aliyemtangulia katika Uislamu, naye akimpenda mno. Zaid aliuawa katika vita vya Yamama, zama za Sayyidna Abu Bakar (r.a.). Baadaye yule aliyemwua, aitwaye Abu Maryam, akasilimu. Na siku zikapita Umar akawa Khalifa, na mtu yule akasimama mbele yake. Umar hakumficha. Alimwambia wazi kwamba moyo wake hautampenda kamwe. Mtu yule akauliza jambo moja tu: je, kutopendwa huko kutamzuilia haki yake? Umar akajibu kwamba hakutamzuilia. Basi yule mtu akaona limemtosha.

Twaomba msomaji asiipite khabari hii kwa haraka. Umar hakujifanya kuwa na mapenzi asiyokuwa nayo, wala hakumkumbatia mtu yule mbele ya watu kisha akamsengenya akishaondoka. Damu ya nduguye alikuwa haijaisahau. Na alikuwa na madaraka yote mkononi: angeweza kumcheleweshea mtu yule fungu lake, angeweza kumwambia arudi kesho, na kesho akamwambia arudi keshokutwa, kama yafanywavyo leo katika ofisi zetu mtu asiyependwa anapoleta karatasi yake, ikawekwa chini ya nyengine zote mpaka ikapotea, na hakuna anayejua imepotelea wapi. Hakufanya hivyo. Alitenga mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: mapenzi, ambayo ni mali ya moyo, na haki, ambayo ni mali ya yule mwengine.

Nayo aya ya 8 ya Suratul-Maida imekwenda njia hiyo hiyo. Mwenyezi Mungu amewakataza waumini wasiache chuki yao juu ya watu ikawapeleka kwenye kuacha uadilifu, akawaambia kwamba uadilifu ndio ulio karibu zaidi na uchamungu. Tazama kwamba aya haikungoja chuki iondoke kwanza ndipo iamrishe uadilifu. Imeamrisha uadilifu chuki ikiwa ipo.

Iko na aya nyengine, ya 36 katika Suratun-Nisaa, ambayo watu wengi wanaijua kwa ajili ya wazazi na majirani waliotajwa humo. Lakini humo pia ametajwa mwenzi aliye ubavuni. Wafasiri wengi wamesema huyo ni mwenzi wa safari, wengine wakasema ni mke. Na Zamakhshari, aliyefariki mwaka 538 wa Hijra, amemtia humo hata mwenzi wa kusoma pamoja na mwenzi wa kazi ya mkono. Basi fundi cherehani aliyekaa cherehani ya pili yako ana daraja yake katika Kitabu. Wala hapana sharti iliyowekwa kwamba awe mcheshi.

Sasa haki zenyewe ni zipi? Ya kwanza ni salamu, nayo hatutaikalia sana kwa kuwa kila mtu anaijua. Mtume (s.a.w.) amekataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu akageuza uso na huyu akageuza uso, akasema kwamba mbora wao ni yule anayeanza kwa salamu. Walakini watu wa pwani ni wajanja. Tumekwisha kumwona mtu akiingia chumba cha kazi, akatoa salamu kwa sauti kuu akiitazama dari, ili wote wawe wamesalimiwa na yule mmoja asiwe amesalimiwa. Salamu ya dari haitoshi. Na kama mwenzako si Mwislamu, msalimu kama watu wanavyosalimiana mahali penu, umwulize khabari za asubuhi na umngoje ajibu. Kwani haki ya kazi haikuuliza dini ya mtu.

Haki ya pili ndiyo tunayotaka kuikalia, kwa sababu ndiyo inayovunjwa kila siku na watu wanaojiona wema. Nayo ni kumwambia mwenzako yale ambayo kazi inamtaka ayajue.

Mtu mwenye chuki aghalabu hatukani, wala hapigi. Yeye hunyamaza. Mwalimu amejua kwamba saa ya mtihani imebadilishwa, na mwenzake hajui, akanyamaza. Karani amepata khabari kwamba karatasi za mzigo zimekwama bandarini, na mwenzake anamwahidi mteja kwamba mzigo utatoka leo; akanyamaza, akaendelea na daftari lake, na moyoni akangoja kwa hamu mteja arudi kufoka. Ukimwuliza atakuambia: mimi sikusema uongo, yeye hakuniuliza. Neno hili, "hakuniuliza," kwa maoni yetu ni katika maneno mabaya kabisa yanayosemwa mahali pa kazi, kwa kuwa msemaji wake hujiona safi. Na yule aliyetaka kumwumiza hakuumia peke yake. Walioumia ni watoto waliochelewa mtihani, na mteja aliyelipa gari likae bure siku nzima. Hao wamemkosea nini?

Katika hospitali jambo hili huwa kubwa kuliko hayo. Muuguzi wa usiku anapompokeza zamu muuguzi wa asubuhi, yako mambo yanayoandikwa, na yako yanayosemwa kwa mdomo: kwamba mgonjwa wa kitanda cha pembeni hakulala, kwamba alitapika dawa, kwamba mkono wake umeanza kuvimba pale alipochomwa sindano. Ikiwa wawili hao hawasemezani, yaliyoandikwa yatafika na yanayosemwa hayatafika. Na mgonjwa hana khabari kwamba roho yake imetundikwa juu ya ugomvi wa watu wawili kuhusu nani alipewa likizo ya Idi.

Waganga wenyewe wamelitambua hili. Katika miaka ya 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya mambo 19 ya kuhakikishwa katika vyumba vya upasuaji, katika hospitali 8 za miji 8 ya ulimwengu: Toronto, Seattle, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland, na mji wetu wa Ifakara katika Tanzania. Katika orodha hiyo yako mambo ya dawa na ya vyombo. Lakini liko na jambo moja ambalo mtu wa mbali angelicheka. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kazi husimamishwa kidogo, na kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake, kisha mpasuaji, mtoa dawa ya usingizi na wauguzi wakaelezana kila mmoja analolihofia. Matokeo yalitangazwa Januari 2009, baada ya kutazamwa wagonjwa zaidi ya 7,600: vifo vilikuwa 15 katika kila wagonjwa 1,000 kabla ya orodha ile, vikawa 8 baada yake. Si haki kusema kwamba kutajana majina ndiko kulikoponya, kwani mlikuwamo pia dawa za kuzuia usaha na kuhisabu vitambaa visisahauliwe tumboni. Lakini waliotunga orodha ile walijua kwamba watu husimama pembeni mwa kitanda kimoja wakiwa kila mmoja amefunga mdomo wake, na kwamba mdomo ukifunguliwa mara moja kwa jina, hufunguka tena kwa urahisi damu inapozidi. Nasi twalipenda jambo hili kwa kuwa orodha haikuwauliza kama wanapendana. Iliwataka waseme tu.

Labda msomaji atatujibu: hayo ni mambo ya kukutana na kuachana, lakini mimi nimefungiwa naye chumba kimoja kutwa, pumzi yake naisikia. Kwa huyo twataka kusimulia khabari ya watu wawili waliofungiwa zaidi yake.

Tarehe 13 Mei 1982 Warusi wawili, Anatoly Berezovoy na Valentin Lebedev, walirushwa kwenda kukaa katika kituo cha anga za juu kilichoitwa Salyut 7. Walirudi ardhini tarehe 10 Disemba mwaka huo huo, baada ya siku 211, na wakati ule hapakuwa na binadamu aliyepata kukaa huko juu muda mrefu kama wao. Chumba chao hakikuwa na mlango wa kutokea kwenda kuvuta hewa, wala msikiti wala kanisa wala mkahawa wa kukimbilia. Lebedev aliandika shajara, nayo imechapishwa, na ndani yake mna khabari za mshikemshike wa roho na siku za kununiana. Imejulikana tangu hapo kwamba watu hawa walichoshana mno, hata wakapitisha sehemu kubwa ya muda wao kimya. Na hao walikuwa watu waliochaguliwa katika maelfu, wakapimwa miili na akili!

Lakini tazama walichofanya katika kuchoshana huko. Tarehe 30 Julai walifungua mlango wakatoka nje ya kituo, kila mmoja uhai wake ukiwa mikononi mwa mwenzake, na wote wawili wakarudi ndani salama. Walipokea wageni mara mbili, mmoja wao akiwa Svetlana Savitskaya, mwanamke wa pili kwenda anga za juu. Na walilea miche katika chombo kidogo mpaka ikatoa maua na mbegu, jambo ambalo halijapata kutokea huko kabla yao. Mche ule ulihitaji maji kwa saa yake, na hapana shaka haukujua kama waliokuwa wakiutunza wanasemezana kwa furaha au kwa mkato.

Hatusemi kwamba kimya chao ni mfano wa kufuatwa. Twasema kwamba mtu anaweza kumchoka mwenzake kabisa, na bado akamshikia kamba.

Iko hali moja ambayo hutia sumu kuliko zote, nayo ni pale mwenzako anapopandishwa ukawa chini yake. Khasa akiwa jana alikuwa chini yako. Hapo hata watu watulivu hubadilika. Mtu aliyekuwa akifika mapema huanza kuchelewa, aliyekuwa akirekebisha makosa ya ofisi nzima husema: aliyepandishwa na afanye mwenyewe. Kwa hali hii hatuna mfano bora kuliko wa Khalid bin Walid (r.a.). Mwaka 13 wa Hijra, yaani mwaka 634, alikuwa ndiye amiri wa majeshi katika Sham, na jina lake likitetemesha falme mbili. Sayyidna Umar alipoushika ukhalifa alimwondoa katika uamiri mkuu akampa Abu Ubaida bin Jarrah (r.a.). Wanahistoria wamekhitilafiana barua ilifika siku gani, na wengine wamepokea kwamba Abu Ubaida aliificha mpaka vita vilivyokuwa mbele yao vikaisha, asimvunje mwenzake mbele ya watu. Kilichokuwa baada ya hapo hakina khitilafu: Khalid hakupanda farasi akarudi kwao. Alibaki akipigana chini ya Abu Ubaida, na Abu Ubaida akawa anamtaka shauri na kumpa mahali pa mbele. Na katika Yarmuk, mwaka 15 wa Hijra, alikuwamo.

Hatusemi kwamba walichukiana, Mungu apishe mbali. Si adabu yetu kuchungulia vifua vya Masahaba. Twatazama matendo tu. Na katika matendo, watu humsifu Khalid wakamsahau Abu Ubaida, ilhali mzigo wake nao ulikuwa mzito. Ni rahisi kwa aliyepandishwa kumdhalilisha mkubwa wake wa zamani kwa vijineno, kumtuma kazi za chini, kumrekebisha mbele ya vijana. Tunawaomba waliopandishwa mwaka huu wamfikirie Abu Ubaida kila wanapotaka kuandika barua kwa mtu waliyekuwa wakimwita mkubwa.

Sasa tuingie nyumbani, kwani ukurasa huu ni wa nyumba, na huku ndiko chuki ya kazini inakolala usiku.

Mume arudi jioni, avua viatu, anawa, akae mkekani. Na kabla ya tonge la kwanza jina la mtu yule limekwisha tajwa. Leo kafanya hivi. Leo kasema vile. Mke amwonea uchungu mumewe, na ni haki yake, naye aongeza kuni: mtu gani huyo asiye na haya? Basi kila jioni hesabu ya mtu yule hufunguliwa mezani kama daftari la deni la duka. Mke hajapata kumwona, lakini amchukia zaidi ya mumewe, kwa kuwa mumewe angalau humwona mtu yule siku nyengine akicheka, au akiumwa na meno, au akimtafutia mtoto wake ada ya shule. Mke hapati ila yale mabaya, yaliyochujwa na kutiwa chumvi. Kisha siku ya harusi au ya maulidi wake wawili wakutana, mmoja anyoosha mkono, na mwengine ageuza uso. Yule aliyenyoosha mkono hajui amekosa nini. Na watoto waliokuwa wakila pale mkekani wamesikia yote. Kesho wataambizana chuoni, kwani watoto hawana siri, na ugomvi wa meza mbili za ofisi umekwisha kuwa ugomvi wa koo mbili.

Na sheria yetu haikuacha nafasi ya kujidanganya hapa. Kumtaja mtu asiyekuwapo kwa jambo analochukia, nalo ni la kweli, ndiyo kusengenya; likiwa si la kweli ni kumzulia. Wako wanaodhani kwamba maneno ya mume na mke hayahisabiwi. Sisi hatujaona walipolipata hilo.

Je, mtu asimweleze mkewe dhiki yake, au mke asimweleze mumewe? Amweleze. Mwenye kupakuliwa dhiki ya kazini hupata usingizi, na nyumba isiyosikilizana ni nyumba gani? Lakini iko tofauti baina ya kueleza dhiki na kufungua mashitaka kila jioni. Twampa shauri yule anayesikiliza, awe mke au mume: mara ya kwanza sikiliza yote usikate neno. Mara ya pili, khabari ikiwa ni ile ile, uliza kwa upole: "Bwana, umemwambia mwenyewe?" Aghalabu jibu ni la. Watu hukaa miaka wakimshitaki mtu kwa kila kiumbe isipokuwa kwa yeye mwenyewe, na yeye hajui hata kama redio yake inasumbua. Mara ya tatu, uliza jambo jengine: "Na yeye nyumbani kwake husema nini juu yako?" Swali hili huleta kimya kizuri.

Lakini yote tuliyoyasema ni juu ya mtu usiyempenda. Hatukusema juu ya mtu anayedhulumu. Mwenye kuiba fedha za kazi akataka utie sahihi, mwenye kutaka rushwa, mwenye kumpiga mdogo wake wa kazi, na khasa mwanamume anayemwandama mwanamke kazini kwa maneno au kwa mkono, huyo si mwenzi wa kuvumiliwa, na dada zetu wasiambiwe na mtu yeyote kwamba subira ndiyo dawa. Apelekewe mwenye madaraka, na kwa maandishi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, amehisabu mambo sita ambayo kwayo huruhusiwa kumtaja mtu kwa ubaya wake, na la kwanza katika hayo ni aliyedhulumiwa kumshitaki aliyemdhulumu kwa mwenye uwezo wa kumpa haki yake.

Limebaki swali la wale wanaouliza kama ni aibu kuomba uhamisho. Si aibu. Wako watu wawili wema ambao hawafai kuwekwa chumba kimoja, kama vile mti mzuri na mti mzuri hunyang'anyana jua. Ila kabla ya kuandika barua ya kuomba, mtu ahisabu mahali alipopata kufanya kazi, na kila mahali amtaje yule ambaye hakupatana naye. Akimpata mmoja, aandike barua. Akimpata katika kila mahali, basi na aihifadhi karatasi yake kwanza, akafikiri, kwani huko anakokwenda mtu yule atakuwa ametangulia kumngoja.

Na kama uhamisho umepatikana, asiondoke usiku usiku. Amkabidhi mwenzake funguo mkononi, na daftari, na hesabu ya kila kilichomo stoo, mbele ya mtu wa tatu; amwonyeshe mteja gani ameahidiwa nini, na mashine ipi hutaka kupigwa kidogo ndipo iwake. Kisha amuage kwa jina lake.